Pikipiki Uliyoikataa

Baba Mwende,

Nimenunua pikipiki. Si ile uliyoitaka. Nimenunua ile nyekundu, ile uliyoisukuma kwa mikono kandokando ya barabara ya Outer Ring huku jasho likikutoka, ukasema hata ukipewa bure utairudisha. Nilitaka usikie kutoka kwangu, ingawa sijui ni nani mwingine angekuletea habari huko uliko.

Mvua imenirudisha nyumbani mapema na watoto wako shule, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa mezani. Bado tuko chumba kile kile cha Huruma. Mwenye nyumba hajabadilika, maji bado yanakuja yakitaka. Kilichobadilika ni kitanda. Kioko analala upande wako sasa, na kwa mateke amekushinda.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu najua utauliza kwa nini, na wewe ukiuliza kwa nini hutosheki na jibu fupi.

Unakumbuka ile Jumamosi tulipokwenda kwa Macharia, pale Kariobangi Light Industries, anapouza pikipiki kuukuu? Ulikuwa umeshazoea baiskeli wakati huo. Kampuni ilikuwa imewapunguza madereva, na wewe uliyeendesha lori mpaka Mombasa ukajikuta unabeba mbuzi waliochinjwa Kiamaiko, kwenye sanduku la bati nyuma ya baiskeli, unapelekea bucha za Donholm kabla watu hawajaamka. Hukulalamika. Ulisema tu kwamba dereva ni dereva, hata akipewa toroli.

Kwa Macharia zilikuwapo mbili za kutufaa. Nyekundu, ile ya kuchanganyiwa petroli na oili, bei yake ya kuvutia, na tulikuwa nayo karibu yote. Na ya buluu, ndogo, ya petroli tupu, ambayo bei yake ilinifanya nimgeukie mtoto mgongoni nijifanye namfunga vizuri. Ilikuwa karibu mara mbili ya nyekundu. Macharia akaanza kusifu nyekundu, nguvu yake, injini yake, jinsi itakavyopanda mlima na mzigo. Wewe ukatoa chupa ya soda mfukoni.

Sikuwa nimekuona na hiyo chupa tukitoka nyumbani. Ulimwomba afunge mpira unaoshusha petroli kutoka kwenye tangi, ukaifunga chupa kwenye usukani, petroli ikawa inashuka kwenye kabureta kutoka kwenye hiyo chupa peke yake. Nyuma ukafunga gunia la mchanga, uzito wa mbuzi watatu. Ukaondoka na nyekundu ikitoa moshi kama nyumba inayoungua. Tukakaa, Macharia akanipa kiti. Uliporudi ulikuwa umeishikilia kwa pembe kama ng'ombe mkaidi, shati limeloa, na unacheka. "Mama Mwende, hii haibebi nyama. Hii inabebwa." Ilikuwa imezimika hata hujaiona Umoja.

Ukatia kiasi kile kile kwa ya buluu. Uliondoka ukakawia mpaka Macharia akaanza kusimama mlangoni, akadhani umemwibia. Ulifika Donholm, ukageuka kwenye mzunguko wa barabara, na ikazimika umekaribia kabisa kurudi. Ukapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la tangi, Macharia akiangalia. Kabla ya mwaka kuisha, ulisema, nyekundu itakuwa imekunywa tofauti yote ya bei, na baada ya hapo itaendelea kunywa na hatutakuwa na la kufanya. "Bei tutalia siku moja," ukaniambia. "Petroli tutalia kila asubuhi."

Nami nikakuuliza, "Na hii baiskeli, je? Haili?"

"Baiskeli haili kitu, mama."

"Inakula wewe."

Ukacheka, ukambeba Kioko, ukamwambia Macharia atuwekee ya buluu mpaka Krismasi.

Sikukasirika siku ile. Hesabu yako ilikuwa sawa, na nilipenda kukuona ukihesabu, ulivyokuwa ukikaza mdomo. Lakini jioni nilipokukanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, misuli ikirukaruka yenyewe chini ya ngozi hata ukiwa umelala, nilikuwa nikiifikiria ile nyekundu. Ilikuwa na moshi na kiu, lakini ilikuwa pale na tungeweza kuichukua. Nilikuambia mara ngapi? Hata wewe ulichoka. "Vumilia kidogo, Mama Mwende, tumebakisha kidogo." Ulihesabu petroli, ukahesabu oili, plagi, matairi. Miguu yako hukuihesabu. Wala ile barabara, malori yanavyokimbizana asubuhi na baiskeli isiyo na taa.

Hukufika Krismasi.

Aliyeniletea habari ni Makokha, yule wa bucha ya Donholm, aliyekuwa karani wa reli. Alikuja mwenyewe kwa miguu mpaka Huruma akiwa bado amevaa aproni. Nilipoiona ile aproni mlangoni, nilidhani amekuja kugombana, kwamba umemchelewesha. Akakaa bila kukaribishwa. Akaniambia ni lori, ukiwa karibu kufika mzungukoni, na kwamba halikusimama. Akaniambia hukusikia chochote, ilikuwa mara moja tu, kama kuzima taa. Nilimwamini. Nilikuwa nahitaji kumwamini. Baadaye nikasikia kutoka kwa watu wengine kwamba yeye alipofika, nyama ilikuwa imeshabebwa yote, na viatu vyako pia. Hilo hakuniambia.

Tulikuzika nyumbani, kando ya baba yako. Mvua ilikuwa haijanyesha na wachimba kaburi walitumia mitaimbo. Mwende alisoma neno mbele ya watu bila kulia, kisha akalia usiku kucha. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku hiyo, ulikuwepo.

Kesho yake ndugu zako walikaa. Musyoka akasema pesa za pikipiki zirudi nyumbani, zinunue ng'ombe, nami nibaki pale na watoto, nilime. Alisema kwa upole, sitamsingizia. Alisema mji si mahali pa mjane. Nikamjibu kwamba zile pesa ziko kwenye chama chetu cha akina mama, kwa jina langu, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema mkononi mwako hazikai, na kwamba kazi ya kubeba nyama ya Kiamaiko bado ipo, na mimi naitaka. Akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya. "Shemeji, wewe? Na pikipiki?" Wazee wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikamtazama mwaitu, mama yako. Hakucheka wala hakuniunga mkono. Alikuwa anachambua pojo kwenye uteo na hakuinua kichwa. Lakini asubuhi nilipokuwa natoka na watoto, nilimkuta ameshabeba mfuko wa Mwende kichwani, yuko njiani mbele yetu, akatupeleka mpaka barabarani bila neno. Kule barabarani akanifunga leso vizuri kiunoni, kama mtoto, akarudi.

Kwa hiyo nikaenda kwa Macharia. Jeneza, lori la kukusafirisha, chakula cha waombolezaji, michango haikutosha, na mfuko wetu ulikuwa umetobolewa. Ya buluu ilikuwa bado ipo. Alikuwa ameiosha, ameipaka mafuta, ameiwekea kipande cha turubai juu. Hakuwa amesikia habari zako. Nilipomwambia, alikaa juu ya tairi na kushika kichwa. Kisha akaniambia jambo la wema, na wema wake ndio ulionivunja. "Mama, usinunue hii nyekundu kwa haraka. Mzee alikuwa sahihi. Nitakuwekea ya buluu. Ngoja miezi michache tu."

Ngoja.

Baba Mwende, nilisimama pale nikazitazama zote mbili. Nilijua ipi ni nzuri. Ulikuwa umenifundisha, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Na nilijua ningengoja hiyo miezi nikifanya nini: ningefua nguo za watu Donholm, watoto wangekula kidogo, na kila mwezi kitu kingetokea, homa, sare ya shule, kodi ya nyumba, na Krismasi ingesogea mbele tena. Nikamwambia, "Kungoja tumeshangoja." Sauti ilitoka vibaya, kama namgombeza yeye. Akainuka akaenda kutafuta funguo za nyekundu.

Kuendesha nilifundishwa na Makokha, Jumapili mchana, baada ya kanisa, kwenye uwanja wa shule. Alikuwa na pikipiki zamani akiwa reli. Nilianguka mpaka watoto wa mtaa wakaleta wenzao kuja kutazama. Nina alama ya kuungua kwenye mguu, pale ekzosi iliponikamata, kubwa kama kiganja cha Kioko. Navaa suruali yako ya kijivu, nimeikunja, na juu yake sketi, mpaka nitoke mtaani. Wenzangu wa kanisani hawasemi kitu mbele yangu. Wananyamaza ninapofika, basi. Vijana wa hapa chini ndio hawanyamazi. Kila asubuhi nikipiga kiki, moshi ukijaa uchochoro, wananisalimu kwa kelele: "Mathe, niaje! Hiyo mashine inakunywa kama babangu!" Siku ya kwanza nilitaka kurudi ndani. Siku hizi nawaambia wanisukume.

Guyo, yule tajiri wa mbuzi wa Kiamaiko, nilimwogopa zaidi ya wote. Nilidhani atasema nyama haiwezi kubebwa na mwanamke. Aliniangalia, akaangalia sanduku jipya nililotengenezewa na mafundi wa bati. Akaniambia, "Mume wako alikuwa anafunika nyama vizuri. Ukifunika vile, tutaelewana." Habari za wale mbuzi waliopotea siku yako hakuziuliza. Hajaziuliza mpaka leo.

Sasa nikuambie uliyotaka kusikia: ulikuwa sahihi.

Inakunywa, Baba Mwende. Inakunywa kuliko ulivyosema. Naamka na petroli kichwani, nalala nayo. Nikipata pesa ya mzigo wa Donholm, nusu inarudi kwenye tangi kabla sijafika nyumbani, na bado oili ya kuchanganya. Ilibidi niongeze njia ya Mukuru kwa Reuben, vichwa na miguu ya mbuzi kwa akina mama wanaouza supu kwa vibarua wa viwandani, na njia ya kule unaijua ilivyo mvua ikinyesha. Nateremka mteremko wowote injini ikiwa imezimwa. Nimejifunza kuufunga ule mpira wa petroli kabla ya kusimama ili hata tone lililobaki ndani litumike. Petroli ilipopanda bei, tulikula sukuma bila mafuta kwa muda mrefu, na Mwende akaniuliza kwa nini pikipiki inashiba kabla yetu. Nilienda nje nikasimama kwenye ngazi.

Ile ya buluu iliuzwa. Aliyeinunua ni mtu wa kusoma mita. Naiona wakati mwingine Umoja, inapita kimya, hata moshi hakuna. Kuna asubuhi ambazo nikiiona nakukasirikia wewe, na nyingine najikasirikia mimi, na nyingine natazama tu.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya petroli. Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea wiki iliyopita.

Pale karibu na mzunguko, pale mahali pako, mimi hupita kwa kasi. Tangu siku ya kwanza. Nakaza macho mbele, naongeza mafuta, hata kama ni kuyapoteza, mpaka nikate kona. Wiki iliyopita nilikuwa na mzigo mzito, mbuzi watano, na mtu wa petroli alinipimia vibaya au labda mimi nilikosea kuchanganya. Ikaanza kukohoa. Nikaifungulia petroli ya akiba, ikaenda kidogo, ikazimika. Nilikuwa sijafika. Hakukuwa na la kufanya ila kushuka na kusukuma, na ili kufika kwa Makokha ilibidi nipite pale kwa miguu, polepole, na uzito wote huo.

Sijui nilitarajia nini. Hapana kitu pale. Maganda ya miwa, matope, kipande cha tairi. Na mama mmoja amekaa juu ya jiwe na mtungi wa uji, anawauzia vibarua wanaotembea kwenda Industrial Area. Akaniona ninavyohema. Akasema, "Pumzika kwanza, mama, usije ukaanguka hapa. Hapa pabaya." Nikasimamisha pikipiki. Akanimiminia kikombe. Nikamuuliza pabaya kwa nini, na sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine.

Anaitwa Mama Akinyi. Hakunijua mimi ni nani. Akanieleza habari ya mtu wa baiskeli, mbeba nyama, aliyegongwa pale kulipokuwa kunaanza kupambazuka. Alisema watu walikimbilia nyama. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anawasha jiko, akaacha jiko akaja kwako. Baba Mwende, ulikuwa hai. Makokha alinidanganya, na sitamuuliza kwa nini, najua kwa nini. Mama Akinyi alikaa chini kwenye matope, akaweka kichwa chako mapajani mwake. Ulikuwa unatetemeka, akavua leso yake akakufunika. Ulitaka maji, akakulowesha midomo. Alikaa nawe mpaka mwisho, na haukuwa muda mrefu, lakini pia haikuwa kama kuzima taa.

Hapo juu sikukuandikia kitu kimoja. Kule mochari walinipa nguo zako kwenye karatasi, na ndani yake kulikuwa na leso ya manjano ambayo si yangu. Nilidhani wamechanganya vitu vya marehemu mwingine. Mengine niliyoyadhani nitayaacha. Niliificha chini ya godoro na sikumwonyesha mtu.

Nilimwambia Mama Akinyi mimi ni nani. Hakusema pole. Alichukua kile kikombe mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa namwaga, akaniweka nikae kwenye jiwe lake. Vibarua walisimama kungoja uji, akawaambia wajimiminie wenyewe. Baadaye, nilipoweza kuzungumza, nikamuuliza kama ulisema chochote. Akasita. Nadhani aliona kuwa maneno yenyewe hayana uzito wa kupelekewa mjane. Akasema, "Alikuwa anauliza ni saa ngapi. Mara nyingi, mama. Alisema bucha inamngoja. Mimi sina saa, sikuweza kumjibu."

Nilifika kwa Makokha nimechelewa sana. Akaangalia uso wangu, akaangalia barabara nilikotoka, akaanza kushusha nyama bila kuniuliza. Alipomaliza akasema tu, "Mama Mwende, nisamehe." Nikamwambia apime nyama.

Ile leso nimeifua. Damu haikutoka yote. Nimemnunulia Mama Akinyi nyingine, na hii nimeihifadhi, nikiwa na ruhusa yake. Jumamosi nitampelekea maini. Watoto nimewaambia kwamba kulikuwa na mtu nawe. Mwende amenitaka nimpeleke amwone, na nitampeleka.

Pikipiki hii haitakaa sana, fundi ananiambia pistoni imechoka. Ikifa nitatafuta nyingine, na nitaipima kwa njia yako, sitadanganywa na rangi wala na kelele za muuzaji. Ila kungoja, sitangoja. Ya kwanza nitakayoiweza nitaipanda. Nakuahidi pia kwamba Kioko hatabeba nyama kwa baiskeli kwenye barabara ile maadamu mimi niko hai. Na Desemba nitakuja na watoto nyumbani, nitapalilia mahali pako, nitakaa na mwaitu tuchambue pojo pamoja, labda siku hiyo atazungumza.

Mvua inapungua, watoto watatoka shule sasa hivi. Nakuaga, mume wangu. Lala upumzishe hiyo miguu.

Na ulichokuwa ukiuliza, nimemwuliza Makokha. Kulikuwa bado mapema. Alikuwa hajafungua hata mlango. Hukuwa umechelewa.

Mimi,
Mama Mwende